Siku Tatu za Kutafuta Kitanda kwenye Mlima wa Skii

Niliondoka Louisville kwa sababu ya tangazo la mistari mitano. Nilikuwa nimemaliza chuo mwezi wa Mei, shahada ya jiografia, na tangu hapo nilikuwa nakaa kwenye kochi la mama nikituma maombi ya kazi, kisha nikiyasoma upya baada ya kuyatuma, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu. Tangazo lilisema kwamba mji mdogo wa milimani, kusini mwa Buffalo, unatafuta wafanyakazi wa msimu wa skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji ukiwa na mbao mbili ndefu miguuni. Majaribio siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Atakayefaulu atapata kazi na kitanda katika bweni la wafanyakazi mpaka theluji iishe. Atakayeshindwa atarudi kwao.

Sijawahi kuteleza kwa hiari yangu. Lakini chuoni nilisoma habari za miji inayoishi kwa samaki, kwa makaa ya mawe, kwa njia ya reli. Sikuwahi kusoma habari za mji unaoishi kwa kitu kinachoyeyuka. Nilitaka kuuona.

"Umesoma miaka minne ili ukacheze na barafu?" mama aliniuliza. Yeye alizaliwa Burundi, mimi alinizaa katika kambi ya wakimbizi, Kigoma, na maisha yetu yote mlima kwake ni mahali pa kulima au pa kujificha.

"Nakwenda kufanya kazi, mama. Kucheza watacheza wengine."

"Kazi gani?"

"Watanipangia."

"Hujui kazi, na begi umeshafunga."

Jumapili kabla ya safari alinipeleka mbele ya kanisa na watu wote wakaniombea. Nilikuwa nimefumba macho, lakini kichwani nilikuwa nahesabu ni wangapi watakaoniuliza nikirudi bila kitu. Nilifika arobaini, wakasema amina.

Jumanne asubuhi nilipanda basi kwenda Columbus. Nilikuwa nimebeba pasi, kwa kuwa nilisoma mahali fulani kwamba mwajiri hutazama kola kwanza. Tulivuka mto Ohio kule Cincinnati, na baada ya hapo nchi ikawa tambarare, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa pande zote mbili. Nilifungua ramani kwenye simu mara nyingi kuhakikisha kwamba milima ipo kweli huko mbele.

Jioni, Reynoldsburg. Kaka Liberi, mtoto wa baba yangu mkubwa, alinipokea katika apatimenti yake. Anafanya kazi kwenye ghala la nguo, na wanawe wawili wanamjibu kwa Kiingereza kila akiwasemesha kwa Kiswahili. Alilipima begi langu kwa mkono mmoja.

"Umebeba nini humu, dada, jiwe?"

"Pasi."

"Unakwenda kuwapigia dubu pasi?"

Tulikula ugali na maharage, halafu akaacha utani. Ghalani kwake walikuwa wanaandikisha watu hadi Ijumaa. Akiniombea nafasi, Jumatatu ningeanza. "Ukienda kwenye hayo majaribio yako, hii utaikosa," alisema. "Sikukatazi. Nakuonyesha tu mlango uko wapi."

Nilichukua daftari nikachora mstari katikati ya ukurasa, ghala upande huu, mlima upande ule. Upande wa ghala ulijaa haraka: ndugu, kanisa, basi la kwenda kazini, joto. Upande wa mlima niliandika neno moja tu, "nione", na sikulifuta. Asubuhi nilimwambia kaka kwamba naendelea. Hakubishana. Alinipeleka kituoni na kusimama pale, mikono mfukoni, mpaka basi likaondoka, ingawa shifti yake ilikuwa imeshaanza.

Jumatano jioni, Buffalo. Tulipita Cleveland, kisha tukalifuata ziwa ambalo nililisikia kwenye upepo zaidi ya nilivyoliona. Mwenyeji wangu huko alikuwa Mama Ansima, Mkongo wa Bukavu, anayefahamiana na mama kupitia mikutano ya makanisa. Anakaa Kensington-Bailey, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao. Bahati yangu ilikuwa kwamba anafua mashuka katika hoteli ya mji uleule nilioukusudia. Kila alfajiri gari la hoteli hupita mitaani likiwakusanya wafuaji na wasafishaji.

"Kwa nini huhamii huko huko, mama?" nilimuuliza.

Alicheka, akanijibu kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa. "Bon. Sikiliza, mtoto yangu. Kazi iko. Nyumba njo haiko. Nyumba za kule ni za batu benye kuja siku mbili kwa mwaka, zingine siku zinabaki na giza. Siye tunatengeneza vitanda vyao, tunarudia kulala Buffalo. Donc, hicho kitanda walikuambia, ukikipata, usikiachilie."

Siku nzima ya Alhamisi nilibaki nyumbani kwake nikiyageuza maneno hayo. Kumbe swali la mji ule halikuwa nani anajua skii. Lilikuwa nani ana mahali pa kulala.

Ijumaa alfajiri tuliondoka na gari la hoteli, wanawake sita na mimi, themosi ya chai ikizunguka. Kulipopambazuka nilikiona nilichokuja kukiona, na mwanzoni sikukielewa. Vilima vilikuwa vya rangi ya kahawia, nyasi kavu na miti mitupu, lakini katikati yake zilishuka njia nyeupe, pana, zilizonyooka kama vitambaa vilivyoanikwa. Theluji ya mbinguni ilikuwa haijaja. Mashine zilizopangwa kandokando ya njia zilikuwa zinaitengeneza, zikinyunyiza maji hewani hadi yaanguke meupe.

"Wanaitengeneza?" niliuliza.

"Kama unga," Mama Ansima alisema. "Na kama jua linawaka, wanatengeneza ingine."

Alishuka nami, akanisindikiza hadi mlango wa duka la kukodisha vifaa nilikopangiwa, akanifunga skafu vizuri, kisha ndipo akaenda kwenye mashuka yake.

Msimamizi wa duka alikuwa mwanamume mrefu aitwaye Dale, mwenye ndevu nyekundu. Alinieleza kazi kwa dakika kumi. Mteja anaandika uzito, urefu na umri wake. Wewe unampa viatu vigumu kama plasta ya mguu uliovunjika, unakaza vibano vinavyoshika kiatu kwenye mbao, unamkabidhi, unamwita anayefuata. Vibano vikilegea, mbao zinamtoka mtu njiani. Vikikaza mno, anaanguka na mbao haziachii, goti linaumia. Sentensi hiyo ya mwisho haikunitoka kichwani. Nilikagua kila kibano mara tatu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuja na bintiye mdogo. Nilipomkabidhi vifaa alianza kutembea kama bata, mbao zikimponyoka mikononi, mtoto akimvuta koti. Sikuwaza, na mimi huwaza juu ya kila kitu. Nilitoka nyuma ya kaunta, nikabeba mbao zake, nikawafikisha hadi theluji inapoanzia, nikawatakia siku njema. Kwetu mgeni haagwi akiwa ndani. Unatoka naye na kutembea naye kidogo, na ukimwachia mlangoni ni kama umemfukuza. Basi nikamsindikiza na wa pili, na wa tatu. Ijumaa watu walikuwa wachache, hakuna aliyesema kitu.

Jumamosi foleni ilitoka nje ya mlango. Niliporudi kutoka kumfikisha mzee mmoja, nilimkuta Dale amesimama mahali pangu.

"Unakwenda wapi kila mara?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Namfikisha mgeni njiani."

"Huyo ni mteja. Na njia anaiona, ni nyeupe."

Aliyekuwa mbele kwenye foleni akacheka. Nilijaribu kubaki nyuma ya kaunta, lakini kila mtu aliyeondoka peke yake na mizigo ile nilimtazama hadi mlangoni, na mkono wangu ukasahau kibano kilichokuwa mbele yangu. Saa kumi jioni Dale aliniita pembeni. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kaunta si mahali pako," alisema. "Wewe ni mwangalifu, lakini mwenzako anahudumia watu wanne, wewe mmoja. Kesho malizia siku yako, kisha tuone usafiri wa kukurudisha."

Nilikaa kwenye kitanda cha bwenini nilichopewa kwa siku za majaribio, ambacho sasa kilikuwa changu kwa usiku mmoja zaidi. Kaka Liberi alikuwa ameniambia mlango uko wapi, na mlango ule ulishafungwa jana. Niliwaza kumwomba Dale kazi nyingine. Niliandika ombi kwenye daftari kwa namna tano: la kwanza la unyenyekevu mno, la pili lilianza na shahada yangu, na la tano lilikuwa na aya.

Jumapili asubuhi, kabla hawajafungua, nilimkuta anakoroga kahawa. Daftari lilikuwa mfukoni, nikaliacha humo.

"Kuna kazi ambayo ndani yake inaruhusiwa kuwasindikiza?" niliuliza.

Alinitazama kidogo. "Kwenye mkeka," alisema. Mkeka ni ule ukanda unaotembea wenyewe na kuwapandisha wanaojifunza kwenye kilima kidogo. "Unawapokea dukani, unawapeleka, unawapandisha, unawainua wakianguka. Kwa saa nane nzima umesimama nje. Hakuna anayeitaka."

"Nimeshasimama nje saa nyingi zaidi ya hizo. Kwa ajili ya mahindi."

Hakujua nazungumzia foleni za mgao wa chakula kambini, wala sikumweleza. "Jaribu mpaka jioni," alisema.

Siku ile niliinua watu nisioweza kuwahesabu. Mwanamume mmoja mnene alininyang'anya mkono wake. "Niache nianguke mwenyewe, dada, nimelipia." Niliona wivu wa ajabu kwa watoto, ambao huanguka na kusimama bila kukaa kitako kujadili. Vidole viliniuma hadi vikaacha kuuma. Saa kumi Dale alikuja, akatazama kidogo, akaniambia kitanda ni changu mpaka theluji iishe, ila mapumziko yangu yatakuwa Jumatano. Wikiendi ndiyo siku za watu.

Nilikubali kabla sijaelewa nilichokikubali. Kila Jumapili, mpaka Machi, sitakuwa kanisani.

Jumanne nilikuwa nimerudi Louisville kuchukua nguo nzito. Dale alinipa siku nne. Njia nzima, kutoka Buffalo hadi Columbus na kuendelea, milima ikipungua nyuma yangu, sikuwa na hofu ya baridi tena. Nilikuwa na hofu ya sebule moja.

Mama alinisikiliza akichambua mchele kwenye sinia. Nilimweleza habari za duka, za foleni, za mkeka. Alipenda habari za mwanamume mnene. Kisha nikamwambia habari za Jumapili.

"Zote?"

"Zote, mama."

Alisogeza mchele kwa vidole, akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni. Kambini alitembea na homa kwenda ibada. Hapa aliacha kazi mbili kwa sababu ya Jumapili.

"Na hao unaowainua," alisema hatimaye, "wanasema asante?"

"Wengine."

"Waliokuombea nitawajibu mimi. Wewe kawainue watoto wa watu." Aliendelea na mchele. "Lakini Jumatano nitapiga simu saa moja jioni, na utafungua Biblia, na sitakuuliza kama umechoka."

Nilikwenda kujifunza jinsi mji unavyoishi kwa kitu kinachoyeyuka. Nimejifunza kwamba unaishi kwa watu wanaosafiri alfajiri kuja kuutandika, na kwamba kuhamia huko maana yake ni kuondoka kwenye gari la Mama Ansima ambalo wenzake bado wanalipanda. Nimejifunza pia kwamba ombi nililoliandika mara tano lilichukua pumzi moja kulisema. Ubishi wote ulikuwa upande wangu.

Leo ni Jumatano. Theluji ya kweli imeanza kuanguka tangu mchana, na mashine wamezizima. Ni saa kumi na mbili na nusu, na Biblia iko mezani.