Jumapili Niliyomuua Mzee Mabula

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo nilimuua mtu mbele ya kanisa zima, na mtu mwenyewe amekaa benchi la tatu, amefunga tai. Usishtuke. Vuta kiti usogee, maana habari hii siisimulii kwa kupiga kelele.

Nakueleza kwa sababu ya swali uliloniuliza jana huko kwenye kambi yenu ya uandishi Buswelu, ulipopewa kazi ya kumhoji mtu ziwani. Uliniuliza kwa adabu zako zote, "Bibi, kama umeshamwona mtu na hali yake unaielewa, kuna ubaya gani akili bandia ya simu ikakumalizia maneno yake?" Mimi nikacheka mpaka miwani ikadondoka, na wewe ukaona nimekudharau. Sikukudharau hata kidogo. Nilimwona binti wa miaka kumi na saba mwenye haraka zake, nikajiona mimi mwenyewe.

Sisi hatukuwa na simu. Tulikuwa na daftari, kalamu ya wino na vichwa vilivyojaa sifa. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Juni, na kanisa moja la pale ziwani liliwakusanya wanafunzi kwa majuma mawili wajifunze uandishi wa habari. Asubuhi tulikuwa na sala na Neno, mchana masomo, jioni netiboli na nyimbo. Tulilala madarasani, tukala ugali na maharage, na sidhani kama nimewahi kucheka tena kama nilivyocheka siku zile.

Mwalimu wetu aliitwa Magesa, mtu wa Mara, mrefu na mpole. Alitaka kitu kimoja tu, gazeti la vijana lisomwe kanisani kila Jumapili baada ya matangazo. Wazee wa kanisa walikuwa wamemkatalia miaka na miaka, wakisema madhabahuni si mahali pa umbea. Mwaka ule walilegea, wakampa Jumapili moja ya majaribio. Tukiharibu, gazeti lisahaulike. Na aliyechaguliwa kusoma habari ya kwanza alikuwa mimi, Minza wa Buhongwa. Unaweza kufikiria jinsi nilivyovimba.

Kazi yangu ilikuwa kwenda ufukweni kuzungumza na mama mmoja anayeanika dagaa. Mwalimu aliniandikia maswali matano: anaitwa nani, anaishi na nani, kazi hii alifundishwa na nani, inamchosha wapi, inamfurahisha wapi. Sasa mwanangu, sisi nyumbani ni watu wa ng'ombe. Dagaa niliwajua wakiwa kwenye sahani. Halafu nilikuwa nimevaa raba nyeupe mpya, zawadi ya kaka yangu, na kule chini mchanga umelowa maji ya samaki, nzi wanavuma. Nikapanda juu ya jiwe, nikakaa kama mkaguzi wa shule, nikatazama.

Nikamwona mama mmoja chini ya jiwe lililopasuka katikati. Amefunga kitambaa cheusi kichwani na khanga ya njano kiunoni, ameinama anageuza dagaa juu ya nyavu chakavu. Mara akainuka, akashika kiuno, akajifuta machozi kwa pindo la khanga. Akainama, akainuka, akajifuta tena. Basi, kwangu habari ilikuwa imekamilika. Kitambaa cheusi, mjane huyo. Machozi, dhiki hiyo. Nikajaza majibu yote matano palepale juu ya jiwe, na nikamtilia maneno mdomoni: "Tangu ziwa lilipomchukua mume wangu, nimebaki na Mungu na dagaa hawa." Niliyapenda maneno yale mpaka machozi yakanilengalenga. Raba zangu zikarudi kambini safi.

Mwalimu Magesa aliisoma habari yangu, akauliza kitu kimoja, "Anaitwa nani?" Nikamwambia hakutaka jina lake liandikwe. Uongo huo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Jumapili kanisa lilijaa. Nikasimama mbele, nikasema Bwana asifiwe, nikaanza kusoma kwa sauti ya kutetemeka ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Kina mama wakaguna kwa huruma, na mimi nikazidisha kutetemeka. Nilipotaja jiwe lililopasuka na khanga ya njano, vichwa vikaanza kugeuka. Kila mtu mle ndani alimjua anayeanika chini ya jiwe lile, isipokuwa mimi mgeni. Nikaendelea, nikafika kwa mume aliyezama ziwani. Hapo bwana mmoja wa benchi la tatu, fundi wa mitumbwi, akasimama taratibu, akarekebisha tai yake.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina," kanisa likaitika.

"Mimi ni Mabula, mume wa huyo mama. Naomba kuuliza, nilikufa lini? Maana asubuhi hii nimekunywa uji."

Mwanangu, kanisa lilivunjika mbavu. Mchungaji alificha uso nyuma ya Biblia, mabega yanamtikisika. Watoto walikuwa wanamshika Mzee Mabula mkono waone kama ana joto. Mimi nilisimama pale na karatasi yangu, natamani ardhi inimeze.

Baada ya ibada tuliitwa ofisini, na huko hakuna aliyecheka. Mzee wa kanisa aliyekuwa mkubwa wao alisema gazeti limekwisha, na lisitajwe tena. Mwalimu Magesa hakujitetea wala hakunilaumu. Alikuwa anazikunja zile karatasi polepole, moja moja, kama mtu anayekunja nguo za safari. Hapo ndipo nilipolia. Niliona kitu alichokiomba miaka yote, nami nimekivunja kwa kuogopea viatu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia yule mama wa kitambaa cheusi. Kumbe anaitwa Mama Kabula. Akawasalimia wazee, kisha akanigeukia.

"Wewe binti, uliniona nalia?"

"Shikamoo mama. Ndiyo, nilikuona."

"Marahaba. Nilikuwa nacheka. Jirani yangu Nyanzala alikuwa ananisimulia mbuzi wake alivyoingia harusini akala maua ya bibi harusi. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Na hiki kitambaa cheusi nafunga kwa sababu cheupe kinaonyesha uchafu. Ungeshuka ukaniuliza, ungecheka na wewe. Kwa nini hukushuka?"

"Niliogopea raba zangu, mama."

Aliniangalia, akaziangalia raba, akatikisa kichwa. Kisha akawaambia wazee, "Gazeti msilifunge. Waliokosewa ni mimi na huyu marehemu wangu hapo nje. Nipeni huyu binti kesho asubuhi. Jumapili ijayo asome upya. Akikosea tena, fungeni." Wazee wakakubali. Nani angebishana na Mama Kabula?

Jumatatu nilishuka ufukweni peku. Nilimwaga dagaa, nikawatandaza, nikawageuza, nikanuka mpaka kwenye nywele. Nilimuuliza maswali yote matano, na kila jibu lilikuwa tofauti na nililoliandika juu ya jiwe. Kazi alifundishwa na mama mkwe wake. Inamchosha magoti, wala haimchoshi roho. Kilichomfurahisha sikukitegemea kabisa: aliniambia nifumbe macho nigeuze dagaa kwa mkono, nisikilize. Waliokauka vizuri wanatoa mlio kama majani makavu. "Huo mlio," akasema, "ndio wimbo wangu." Ningekaa juu ya jiwe mwaka mzima nisingeupata. Nyanzala naye alirudia habari ya mbuzi, akiigiza na mlio wake, nikacheka mpaka nikakaa kwenye mchanga uliolowa.

Mzee Mabula alituletea chai ndani ya chupa. Nikamwamkia kwa aibu, nikamwomba msamaha. Akaitikia, akanimiminia chai.

"Yameisha, binti. Ila siku nikifa kweli, uandike wewe. Mazoezi umeshafanya."

Jumapili ya pili nilisoma bila kutetemeka. Kwanza nilisema nilidanganya, na kwamba mume yuko hai na anakunywa uji. Kisha nikasoma habari ya magoti, ya mlio wa dagaa na ya mbuzi. Wazee wenyewe walicheka, na Mwalimu Magesa, nakumbuka, alitoka nje akasimama barazani kwa muda, akarudi macho mekundu. Gazeti halikufungwa. Linasomwa mpaka leo, na kambi yako hii ya Buswelu ilizaliwa na gazeti hilo. Hukulijua hilo, eh?

Nimefanya kazi ya habari maisha yangu yote. Miaka michache iliyopita nilikuwa stendi ya Buzuruga simu ikaita. Sauti ilikuwa ya uzee, lakini niliijua.

"Minza, njoo," akasema Mama Kabula. "Safari hii ni kweli."

Nilikaa kwenye benchi la muuza machungwa, nikalia bila kuangalia nani ananitazama. Kisha nikaenda na daftari langu. Nilimkuta amefunga kitambaa cheusi, na safari hii kilikuwa cha msiba. Nilikuwa nimemjua Mzee Mabula miaka yote ile, hata hivyo nilimuuliza mjane wake kila kitu upya, kuanzia jina kamili la marehemu. Alinijibu mpaka jioni.

Siku ya mazishi nilisoma katika kanisa lilelile. Nilipofika kwenye uji, watu wakaangua kicheko katikati ya kilio. Nikamtazama Mama Kabula, mabega yanamtikisika, anajifuta macho kwa pindo la khanga. Nikaacha kusoma, nikashuka, nikainama karibu naye.

"Mama, unalia au unacheka?"

"Vyote viwili, mwanangu. Andika hivyo."

Basi, jibu la swali lako ndilo hilo. Macho yako yatakuonyesha machozi, lakini hayatakuambia yametoka wapi. Simu nayo haijui, maana haikuwepo. Shuka, msalimie mtu, muulize jina lake, kisha umuulize hata kile unachodhani umeshakijua, na unyamaze mpaka amalize. Ukikosea, maana utakosea, rudi kwa yule uliyemkosea ukasimame mbele yake. Mimi nilirudi, nikapata mama wa pili.

Mungu akupe masikio yenye subira na miguu isiyoogopa tope. Akujalie watu watakaokuita kwenye harusi zao na kwenye misiba yao, wakijua maneno yao yatafika salama. Akulinde ukienda, akulinde ukirudi. Amina.

Na hizo raba nyeupe ulizovaa, nimeziona. Zivue uziache hapa barazani kwangu. Utazikuta ukitoka ziwani.