Hori Lenye Tundu

Martina Zefania alibatizwa Kinampanda siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1936, na hadi kwaya yao ya akina mama ilipoalikwa Tulya mwaka 1994, hakuwa amewahi kupanda chombo cha majini. Alijivunia hilo. "Sisi ni watu wa ng'ombe na uwele," alizoea kusema. "Maji kwetu ni ya kunywa."

Kwa kiburi hichohicho, miezi miwili kabla ya safari, alikuwa amemwaga nje sufuria ya samaki aliyopika Dorika, mke wa mwanawe Festo. Dorika ni mzaliwa wa Tulya, kando ya Ziwa Kitangiri. "Wala samaki wakae kwao," Martina alimwambia. Dorika aliokota sufuria yake tupu, akaenda kwao kweli. Tangu siku hiyo Festo hakuonja tena chakula cha mama yake.

Baada ya ibada ya Tulya, wenyeji waliwavusha wanakwaya hadi kisiwa kidogo cha mawe. Huko Chediel, karani aliyepunguzwa kazini serikali ilipobana matumizi, alikuwa amefungua makumbusho ya chumba kimoja. Siku hizo ilikuwa ruksa kila mtu kujitafutia. Martina alivuka amefumba macho, ameng'ang'ania kitenge cha rafiki yake Esta.

"Utanivua nguo, na mchungaji anatazama," Esta alisema.

Ndani mlikuwa na makasia, nyavu na vyungu. Katikati, juu ya mawe mawili, lilikaa gogo refu lililochongwa likawa na uwazi. Martina alipaza sauti.

"Hori langu la ng'ombe! Nani kaliiba?"

"Si hori, mama. Ni mtumbwi," Chediel alijibu. "Tuliutoa kwenye tope ziwa lilipokauka."

"Mimi nilizaliwa nikalikuta! Mama yangu alilirithi kwa bibi."

Alionyesha ukingoni safu ya pembetatu ndogo, kama meno ya kenge, kisha tundu la mbele. Hori la nyumbani lilikuwa na alama hizohizo na tundu kama hilo. Kila asubuhi alilizibua, akalisafisha, akaliziba upya kwa tambara ili ng'ombe wapate maji, huku akimlaani fundi mlevi aliyetoboa hori.

Chediel alipitisha kamba tunduni, akaifunga fundo. "Ni la kufungia chombo kisichukuliwe na maji."

"Kumbe fundi alikuwa na akili zake," Esta alisema. "Mlevi ni wewe."

Wanawake walicheka. Martina hakucheka.

Chediel akasimulia alivyosikia kwa wazee wa ziwani. Wenye alama ile walikuwa wavushaji. Mwaka mmoja dhoruba ilipindua mitumbwi yao, wengi wakazama. Waliosalia walibeba mtumbwi mmoja hadi milimani, usiguse ziwa tena, wakaapa kutokula samaki.

"Samaki wana kosa gani?" Martina aliuliza.

"Mama, samaki hao walikuwa wamewala ndugu zao waliozama."

Martina akakaa sakafuni. Maisha yake yote alitema mate akiona samaki, akidhani ni heshima ya ukoo. Kumbe alikuwa matangani, na hakuna aliyemwambia. Maneno aliyomtupia Dorika yalimrudia moja moja.

"Kwa akina Dorika ni wapi?" aliuliza.

Safari ya kurudi alivuka macho wazi. Alipoelekezwa hadi kwao, Dorika alitoka jikoni, akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikutukana kwa jambo nisilolijua. Hatuli samaki kwa sababu ya msiba, si kwa sababu tunawazidi ninyi."

Baba yake Dorika alishtuka. "Pole sana, mkwe. Msiba wa lini?"

"Sijui," Martina alisema. "Nimepata taarifa leo."

Walikubaliana: Dorika atarudi Kinampanda Jumamosi, na sufuria yake. Samaki atawapika kwenye jiko la nje, Festo atakula, Martina hatakula.