Treni ya mezani iliyookoa reli ya Cloonarra

Saa kumi na moja alfajiri, manyunyu yanaanguka kama kawaida yake, na Malachy Tansey anatembea juu ya mataruma mapya ya reli ya Cloonarra, magharibi mwa Ireland, nyundo ya mpini mrefu begani. Kila baada ya hatua chache anasimama, anagonga reli, anatega sikio. Ikiitika vizuri anasonga mbele. Ikiitika vibaya anatukana kidogo, kisha anachora alama ya chaki.

"Mhandisi anaweza kukudanganya," ananiambia. "Reli haijui uongo."

Malachy ana miaka 61. Ni fundi wa njia ya reli, kazi aliyoirithi kwa baba yake, marehemu Dinny. Kipande hiki cha kilomita kumi na nne, kutoka Cloonarra hadi Ardkeeran, kilifungwa miaka 48 iliyopita, na Jumamosi hii kinafunguliwa tena. Mji mzima umepaka rangi madirisha. Hata baa mbili ambazo wenyewe hawasalimiani zimechangia bendera moja.

Anayeisubiri siku hiyo kuliko wote ni mama yake Malachy, Nonie, mwenye miaka 89. Siku treni ya mwisho inaondoka, watu walijazana stesheni kununua tiketi za kwenda tu. Nonie akataka ya kwenda na kurudi.

"Karani akaniambia, 'Mama wewe, hakuna treni ya kurudi,'" anasimulia, huku akinikatia mkate wa magadi na kuupaka siagi nene bila kuniuliza. "Nikamwambia, 'Hilo ni lako. Mimi kwetu ni hapa, na nitarudi.'"

Alirudi amekaa juu ya lori la nyasi za ng'ombe. Kipande cha tiketi ya kurudia kiko hadi leo ndani ya kopo la majani ya chai, na majirani wamemcheka kwa ajili yake tangu wakati huo.

Basi, wiki tano zilizopita, nusura mambo yaharibike. Mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, maji yakatuama upande mmoja wa tuta la reli, na kokoto zikaanza kudidimia. Mkaguzi alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. Maji yasipopata njia ndani ya wiki mbili, alisema, ufunguzi unasogezwa hadi mwaka ujao.

Nonie alipoambiwa hakulia. Alisema tu, "Mwaka ujao mtanikuta kwa Dinny," akaenda kulisha kuku.

Mhandisi wa mradi, Sorcha Heneghan, alipekua michoro yote ya zamani. Hakuona mfereji wala kalavati, ile njia ya maji inayopita chini ya tuta. "Na tuta lina urefu wa karibu kilomita nzima," anasema. "Ningefukua wapi? Mimi si fuko."

Sasa, hapa ndipo penye kichekesho. Kuna mtu aliyekuwa na jibu, na alikaa kimya siku tatu kwa sababu ya aibu.

Nyuma ya nyumba ya Malachy kuna banda lililokuwa la ng'ombe. Ndani yake, juu ya meza ya mita tisa, iko Cloonarra yote ya zamani kwa umbo dogo: stesheni, daraja, mabehewa, hata mbwa wa mkuu wa stesheni. Ameijenga kwa miaka ishirini na sita. Reli zake hazikununuliwa dukani, maana za dukani hufuata kipimo cha Uingereza, na njia za Ireland ni pana zaidi. Amezichonga mwenyewe, taruma kwa taruma.

"Waingereza walitutawala karne na karne," anasema. "Bandani kwangu hawapiti."

Wenzake kazini wanamwita Mkurugenzi. "Mkurugenzi, treni zako leo zimewahi?" humtania Podge Kilbane, anayefanya naye kazi. Ndiyo maana Malachy huwa hataji banda lake mbele ya wakubwa.

Aliyemwelekeza kila kitu alikuwa baba yake, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi. Walielewana kwa yote isipokuwa jambo moja. Dinny alishikilia kwamba chini ya tuta palikuwa na kalavati la mawe, alilolizibua kila vuli alipokuwa kijana. Malachy hakuliona kwenye picha yoyote ya zamani.

"Tulibishana majira yote ya baridi," anasema Malachy. "Mwishowe nikalitengeneza mezani, pale pale aliponionyesha, ili mzee anyamaze. Moyoni nilisema, kichwa chake kimeshachoka."

Siku ya nne akamwendea Sorcha, kofia mkononi, akamwambia, "Bosi, usinicheke." Sorcha hakucheka. Alikuja bandani na rula. Kutoka nguzo ya daraja hadi kwenye kale katundu ka mawe, sentimita tisini. Kila kitu mezani kimepunguzwa mara sabini na sita. Wakapiga hesabu: mita sitini na nane na kitu.

Kesho yake wakafukua mahali hapo kwa mashine. Ndoo ya kwanza tope, ya pili tope. Podge akaanza: "Mkurugenzi, labda ni kalavati la kuchezea." Ya tatu ikagonga jiwe lililochongwa. Walipolitoa, maji yalinguruma, yakapita chini ya tuta kwa kishindo hadi Podge akaanguka chali kwenye matope, na hakuna aliyejitolea kumwinua maana wote walikuwa wanapiga kelele za furaha.

Malachy pekee aliondoka pale, akageukia ukuta wa daraja.

"Nilimwomba baba radhi," ananiambia. "Miaka kumi na miwili yuko kaburini, na mimi nilimwona mzee amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa sahihi hadi futi ya mwisho."

Wiki iliyofuata mkaguzi alirudi, akatembea njia nzima, akatia saini. Ufunguzi ni Jumamosi saa nne asubuhi.

Nonie ameletewa barua ya kualikwa bure kwenye behewa la wageni. Ameikataa. "Kwenda nitakata tiketi mpya," anasema. "Ya kurudi ninayo."

Malachy mwenyewe hatapanda. Mvua ikinyesha lazima mtu awe anaangalia kalavati, na ameomba awe yeye. Atasimama pale chini ya tuta, kofia mkononi, treni ikipita juu yake. Namuuliza mama yake kama haitamsikitisha kusafiri bila mwanawe.

"Nisikitike nini?" anasema, akifunga kopo la chai. "Nitakaa dirishani upande huo. Nitawapungia mkono wote wawili, yeye na baba yake."