Kemikali ya Kumi

Nimehama mara nyingi hata sikumbuki mpangilio: Likoni, Changamwe, Likoni tena, Mjambere. Sasa niko Junda kwa mamdogo, na miezi miwili mahali pamoja kwangu ni mingi.

Mwezi uliopita alikuja mtaalamu wa maji, binti wa bara aliyevaa gambuti, akitafuta mtu wa kumwongoza kwenye kijito chetu. Asiye na kazi nilikuwa mimi. Tukitembea alinieleza kwamba maji yanaweza kuwa na kemikali mamia, ila vifaa vyake vinatosha kufuatilia kumi tu, kila mwezi. Tayari alikuwa amechagua tisa, nyingi dawa za kuulia wadudu wa mashambani.

"Huku nani alimaye kahawa, mwanangu?" mamdogo akamcheka. Alikuwa akimwagilia mchicha wake kwa maji ya kijito. Mchicha huo ndio ulionisomesha hadi kidato cha nne, na ndio aliokuwa akiuza hadi siku hiyo.

Mimi sikutulia. Nilikwenda kivulini, nikarudi juani. Nilipomaliza shule, kabla sijaanza kuhamahama, nilikuwa nikivunja betri za magari na wenzangu juu kidogo ya matuta hayo ya mchicha. Tulitoa risasi, yale madini mazito ya ndani, tukayeyusha tukauza. Asidi na matope yake tuliyaweka hadi mvua kubwa, ndipo tukayamwaga kijitoni ili yazolewe yote baharini. Tulijiona wastaarabu. Hatukujiuliza kijito kikifurika, maji hutuama wapi.

"Ya kumi weka risasi," nikamwambia mtaalamu.

"Kwa nini?"

Nikamweleza, mamdogo akisikia. Akalitua debe.

"Wallahi, miaka yote hii nauza mchicha wangu na hujanambia?"

"Nilisahau, mamdogo."

"Hukusahau. Ulikuwa wahama."

Mtaalamu aliandika, akachota maji, akaomba udongo kidogo na mchicha. Mamdogo aling'oa fungu mwenyewe, na mizizi yake.

"Majibu lini?"

"Wiki sita, mama."

"Basi mpaka hapo siuzi hata jani." Kisha akanigeukia. "Na wewe hutoki hapa. Utayasikia majibu nami."

Hii ni wiki ya nne. Kila asubuhi natembea hadi barabarani, nasimama, narudi. Mchicha umerefuka hadi kiunoni, umeanza kutoa mbegu, na wateja wakipita mamdogo huwaambia hana.