Viatu Mlangoni

Sakafu ya kliniki yetu hapa Sultan Hamud ni ya simiti nyekundu, na mimi, muuguzi wake, ndiye niliyeandika lile tangazo la mlangoni: VUA VIATU HAPA. Herufi kubwa, wino mzito. Mtu ambaye hajapiga deki vumbi la barabara ya Mombasa asinihukumu. Mvua ikikosa, vumbi linaingia hadi kwenye kabati la dawa. Ikinyesha, ni tope. Wagonjwa walizoea. Asubuhi utakuta malapa na viatu vya kanisani vimejipanga nje kana kwamba ndani kuna harusi.

Yule fundi cherehani alinichosha kuliko vumbi. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mwanamume wa makamo aliyeshona vitenge kwenye kibanda karibu na stesheni. Barua aliyokuja nayo kutoka hospitali ya Nairobi niliisoma mwenyewe kabla ya kuiweka kwenye faili: aliteswa kizuizini, alipigwa nyayo mpaka mifupa ikapasuka, hapati usingizi. Na cherehani yake ni ya kukanyaga. Mtaalamu wa viungo na mshauri wa kisaikolojia walikuja kwetu siku moja tu kwa mwezi. Asiyefika mara tatu mfululizo, jina linafutwa. Nafasi yake niliitafuta kwa simu mpaka sikio likapata moto.

Mwezi wa kwanza hakuja. Wa pili hakuja. Mtaalamu akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemficha. Nilikasirika kweli. Nikachukua faili nikaandika: Hataki matibabu. Nilibonyeza kalamu karibu nitoboe karatasi.

Mama wa usafi alikuwa akipita na ndoo, akanisikia nikimlalamikia fundi.

“Sista, si ni huyo mtu wa vitenge? Huyo huwa anakuja. Anafika hapo kwa mlango, anaangalia hizo viatu, anasimama tu, halafu anaenda zake.”

“Na kwa nini hukuniambia?”

“Si hukuniuliza.”

Nilitamani kumwagia ile ndoo. Badala yake nilitoka na koti langu la kazi, moja kwa moja hadi kibandani.

“Fundi, umefika mara mbili ukarudi! Shida ni gani? Unaogopa sindano? Hakuna sindano!”

Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

“Mama, kule kizuizini, kila siku walianza na neno moja. Vua viatu.” Akaivuta miguu yake chini ya kiti. “Ninajua ninyi si wao. Miguu ndiyo haijui.”

Niliona haya. Hasira haikuisha, ilinigeukia tu. Ile barua niliisoma kwa macho yangu haya. Lakini kwangu nyayo zilikuwa ugonjwa na viatu vilikuwa uchafu, na sikuwahi kuviweka pamoja.

Nilirudi nikabandua tangazo, likang'oka na rangi ya ukuta. Mama wa usafi alilalamika siku nzima.

“Sasa hii matope nani atatoa, sista?”

Nikamwambia ni mimi.

Mwezi wa tatu alikuja. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliingia na viatu vyake vya kamba, amevifunga mafundo mawili mawili, akaacha alama za tope kutoka mlangoni hadi chumba cha mtaalamu. Hakuvivua siku hiyo, na mtaalamu hakumwambia avivue. Nilisikia wakizungumza kwa sauti ya chini. Mama wa usafi akaja mbio na tambara, nikamzuia mpaka fundi atoke kwanza.

Nilifungua faili niandike kwamba amefika. Maneno yangu yalikuwa pale, yamebonyea mpaka ukurasa wa pili. Nikayakata kwa mstari, lakini bado yanasomeka. Chini yake nikaandika: Alifika mara zote mbili. Tulimzuia mlangoni.

Kisha nikatia sahihi, na jina langu kamili.