Siku Tulipomtwika Meza

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, tena mkali. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wa sekondari hapa Bukavu wananijua: ukichelewa mazoezini dakika tano, nitakusema mbele ya watu mpaka utamani ardhi ipasuke uingie. Mwaka ule tulikuwa tukiandaa mchezo mmoja wa zamani wa Kizungu, ule unaosomwa mashuleni tangu enzi za wazazi wetu. Mwanamke mfua nguo amekutwa mtoni, amekufa. Hakimu anawaita watu watano wenye heshima zao, anawaketisha mezani na kuwauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyemuua. Huyu alimwachisha kazi tu, yule alimfungia mlango tu, mwingine alimcheka tu. Lakini vile vidogo vidogo ndivyo vilivyomzamisha.

Niliupenda mchezo ule kupita kiasi. Niliwaambia vijana, "Nataka watu watoke humu ukumbini wakiona haya." Watu gani? Matajiri, bila shaka, wakubwa, wenye magari yao. Mwenyewe sikujihesabu.

Sasa, meza. Zile za ukumbi wa parokia tuliokuwa tukifanyia mazoezi nilizikataa, nilisema zinafanana na meza za kuuzia nyanya. Nilitaka meza ya baba yangu mkubwa, ya mbao ngumu na nzito za mti wa libuyu, inayokalisha watu kumi, iliyokuwa nyumbani kwake mtaa wa Nyawera. Ukumbi wenyewe uko juu kilimani na njia ya mwisho ni ngazi za udongo. Gari haifiki. Mwenye pikipiki aliitazama ile meza, akacheka, akaenda zake. Kwetu mambo yakifika hapo, unamwita maman mbeba mizigo. Wapo sokoni tangu alfajiri, kamba begani. Kamba hupita kwenye paji la uso, mzigo hukaa mgongoni, na mwenye mzigo ndiye humtwika, maana peke yake hawezi kuuinua.

Aliyekuja alikuwa mwembamba, umri wa binti yangu wa kwanza. Tulifungua miguu ya meza, tukaifunga pamoja na ubao wake. Nilipoinama kumtwika, mkono wangu ulipita tumboni mwake. Alikuwa amejifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, lakini tumbo halidanganyi mkono wa mwanamke aliyezaa mara nne. Miezi sita, labda saba. Nilijua kwa nini amejificha: mwenye mimba hapewi mzigo. Tuliangaliana. Nami nikanyamaza, kwa sababu onyesho lilikuwa kesho yake na mvua ilikuwa inakuja.

"Iko buzito?" nikauliza.

"Nitaweza, Madame."

Mwenzangu anayefundisha historia akaongeza mfuko wa nguo za jukwaani. "Huyu iko na nguvu, ongeza tu," akasema. Kijana anayecheza hakimu akapachika taa na viatu vyake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kamba niliikaza mimi mwenyewe.

Alifika. Hilo linanishangaza mpaka leo. Alizipanda zile ngazi zote, akaitua meza bila kuikwaruza, akaketi sakafuni nyuma ya viti. Nikamsahau. Tuliunganisha meza, hakimu akaanza kuuliza maswali yake, nami nikawa napiga kelele: "Sikusikii! Lia kama mtu aliyetenda kosa!" Ghafla msichana mmoja akaacha maneno yake katikati, akanyoosha kidole kule nyuma. Sakafu ilikuwa na damu. Yule mama alikuwa akiipangusa kwa kitenge chake, asichafue ukumbi wa watu.

Sijui nilishukaje kutoka jukwaani. Tulimbeba mikononi mpaka barabarani, kisha tukampeleka kituo cha afya. Mtoto alitoka ameshakufa, wa kiume. Muuguzi alitujia na glavu zake bado mikononi.

"Nani alimubebesha huyu?"

"Mimi niliongeza mufuko tu," akasema mwalimu wa historia.

"Mimi taa tu, na viatu," akasema kijana, akaanza kulia, na safari hii hakuna aliyemfundisha.

Nilikuwa nimewasikia wakijikosha hivyo jukwaani wiki sita nzima, na kila siku niliwaambia hawajafikia. Sasa walifikia. Zamu yangu ikafika. Mimi niliyetaka watu waone haya nikasema, "Hatukujua kama iko na mimba."

Onyesho nililivunja. Wazazi niliwaambia hakimu ana homa. Uongo wa pili huo, nao ulinitoka vizuri kuliko wa kwanza.

Siku ya tatu nilikwenda kwake, kwenye nyumba ya mbao iliyoshikilia mteremko, nikiwa na unga na sabuni kama mtu aendaye matangani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nasema kweli, nilitaka kutukanwa, ningepumua kidogo. Alikuwa amelala, akajikongoja kuinuka ili anisalimie.

"Maman, unisamehe," nikamwambia. "Siku ile nilisema sikujua. Nilijua. Mukono yangu iligusa tumbo, nikanyamaza."

Hakushtuka. Aliniangalia kwa upole ambao sikuustahili.

"Nilijua ulionaka tumbo, Madame. Tena ile ndiyo ilinitia nguvu. Nilikuwa na woga, tumbo ilikuwa inauma tangu asubui. Nilitaka kukatala. Lakini nikasema: huyu ni maman wa kusoma, na yeye pia amezala watoto. Kama ameona, na bado ananitwika, basi haiko na hatari."