Aliyemwona Korongo Kwanza

Majirani zangu hapa mtaani Kambi Muru hunicheka. "Ai, mathe, bado umeshikwa na hasira juu ya ndege?" Naam, bado. Na wakija kunicheka mwaka ujao watanikuta vilevile.

Mimi hufua nguo za watu. Siku mbili kwa wiki nilikuwa nikifua kwa mzee mmoja wa Kawangware, mwenye ploti kadhaa na kiongozi wa kikundi cha watazama ndege. Nikianika nguo juu ya paa lake nilimwonyesha ndege, naye akanifundisha majina. Tulienda hivyo miaka minne, nikaamini tumekuwa marafiki. Basi kikundi kilipopanga safari ya kisiwani, kule ziwani nilikozaliwa, akaniomba niende niwapikie.

Kisiwa kile kinapendeza, siwezi kudanganya. Mawe makubwa meusi, maji safi, upepo usio na harufu ya mtaro. Mzee na wenzake walikuja kumtafuta korongo mweusi, yule anayekunjua mabawa kama mwavuli ili samaki wadogo wakimbilie kivulini awadake. Siku ya kwanza nikamwambia, "Mzee, kaeni pale ninapooshea sufuria. Makombo ya ugali yanaleta samaki, na samaki wataleta ndege." Kila mtoto wa ziwani anajua hilo. Wakacheka kwa adabu, wakabeba darubini zao hadi kwenye matete ya upande wa pili. Siku tatu walirudi wamechomwa na jua, mikono mitupu.

Asubuhi ya nne nilikuwa nimeinama nasugua sufuria. Akatua, hatua kumi tu kutoka kwangu, akakunjua ule mwavuli wake. Nilisahau hata kupumua. Kisha, mjinga mimi, nikakimbia kuwaita, wakaja mbio, mzee mbele, wakamwona.

Kikundi kina desturi yake. Jioni daftari hufunguliwa, na kila ndege huandikwa pamoja na jina la mtu aliyemwona kwanza. Nikajifunga leso safi, nikaketi nao. Mzee akasoma kwa sauti, "Korongo mweusi," akaandika jina lake mwenyewe.

"Mzee, si ni mimi nilimwona?"

"Ni kweli, mama, lakini hii buku ni ya mamemba. Wewe ulikuja kupika."

Hakuinua hata macho. Wengine wakatazama vikombe vyao. Mtu niliyemfulia mpaka soksi! Shukrani ya punda ni mateke, hilo nililijua tangu zamani, ila sikudhani teke lingekuja kwa upole namna ile. Nilitaka mstari mmoja tu wenye jina langu. Usiku ule nililia kwa hasira, na sioni aibu kusema.

Siku ya kuondoka nilienda kuokota kuni nyuma ya mawe. Juu ya mti ulioinamia maji nikawakuta korongo weusi wawili, na kiota, na makinda yanapanua midomo. Kiota cha ndege yule kikundi kizima hakikuwa kimewahi kukiona, mzee alishaniambia mwenyewe. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikajitwika kuni zangu nikarudi.

"Mama, kuna kitu umeona huko?" mzee akauliza, daftari mkononi.

"Kuni zimelowa, mzee," nikamjibu. "Chai itachelewa."